Nilivyoifuta Sauti ya Bibi

Sauti ya bibi yangu mzaa mama niliiharibu mimi. Haikuharibiwa na mvua wala panya, wala si kaseti iliyoliwa na redio. Niliipunguza kwa mkono wangu, kwenye kompyuta yangu, nikiwa na akili timamu na nia njema, kisha nikafuta iliyo nzuri nikabaki na mbovu. Na nilipoulizwa, nilidanganya. Nayaandika haya kwa sababu najua watu wengi wana maboksi ya kanda majumbani mwao, na wengi wako njiani kufanya nililofanya mimi.

Bibi alizaliwa Wete, Pemba, akaolewa Tanga, na huko ndiko alikozeekea. Alikuwa na ngano, vitendawili na mashairi aliyoyatunga kichwani, na hakuacha karatasi hata moja. Kilichobaki ni kanda. Mjomba alimrekodi miaka ya 1980 kwa redio kaseti yake, barazani, jioni baada ya chakula. Kanda nyingine zilikuwa za salamu: mwana mkubwa wa bibi alihamia Muscat, na kwa kuwa simu ilikuwa shida, alituma kaseti kwa mkono wa msafiri yeyote anayekuja pwani. Bibi naye alijibu kwa kaseti, akaanza na salamu, akapita kwenye habari za wagonjwa na waliooana, akamaliza na hadithi ya wajukuu asiowahi kuwaona. Mjomba hakuruhusu kanda iondoke kabla hajabakisha nakala. Boksi lile alinikabidhi mimi, kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kompyuta" katika ukoo.

Kazi ya kwanza niliifanya vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilikwenda kwa fundi redio mmoja mzee. Alisafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, akajaribu kwanza kaseti yake ya nyimbo ambayo hata ikikatika haimuumi, kisha akaweka ya bibi, akachukua bisibisi ndogo kabisa na kugusa skrubu iliyo pembeni ya kichwa. Aliizungusha kidogo kidogo huku bibi akisema, na kila alipoizungusha sauti ilifunguka au ikaziba. Alisimama pale "s" na "sh" za bibi zilipokuwa kali.

"Kichwa kisipolala sawasawa na utepe," akaniambia, "sauti nyembamba zote zinabaki kwenye kanda."

Tulivuta waya kutoka kwenye redio mpaka kwenye kompyuta, nikarekodi kwa Audacity, programu ya bure iliyopo tangu mwaka 2000. Nilichagua WAV ya stereo, sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, vipimo vile vile vya CD. Kaseti ya dakika 90 ikawa faili la megabaiti 950 hivi. Lilikuwa kubwa, lakini kila kilichokuwa kwenye utepe kilikuwamo: mchakacho wa kanda, kuku wa jirani, adhana ya isha kwa mbali, na bibi akivuta pumzi kabla ya kila ubeti.

Shida ilianza ndugu walipotaka kusikiliza. Dada yangu mkubwa ana sabufa sebuleni, ile ya kuchomeka flashi. Mdogo wangu yuko Dar es Salaam na anashinda kwenye foleni, kwa hiyo alitaka kwenye redio ya gari. Binamu yangu wa Muscat alitaka kwenye simu. WAV zilikuwa nzito mno kutuma, nikageuza kanda moja ya majaribio kuwa FLAC nikampelekea binamu. FLAC, iliyotoka mwaka 2001, hubana faili hadi nusu hivi ya ukubwa wake bila kutupa chochote: ukiifungua unapata kila biti ya WAV uliyoanza nayo. Simu ya binamu iliipiga bila taabu. Sabufa ya dada haikutoa hata mlio, kwani nyingi za aina ile zinasoma MP3 na fomati nyingine chache tu.

Nikageuza zote kuwa MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde. Kanda ya dakika 90 ikashuka hadi megabaiti 86. Sabufa ikaimba, dada akalia kwa furaha. Lakini redio ya gari ilikataa. Mdogo wangu alinipigia picha ya kioo cha redio kikisema hakuna faili. Hapo ndipo nilipokosea hesabu. Nikajiambia mafaili ni mazito kwa redio ile ya bei nafuu. Nikayapunguza nikatuma flashi nyingine ya aina ile ile, nikaambiwa hakuna faili. Nikaamua kumaliza ubishi: kilobiti 32, mono, sampuli 22,050 kwa sekunde. Kanda nzima ikawa megabaiti 22. Na safari hii, kwa kuwa mafaili yamekuwa madogo, nikayatia kwenye memori kadi ya zamani iliyokuwa imelala kwenye droo.

Redio ya gari ikaimba. Nikapiga makofi peke yangu.

Nilikuja kuelewa baadaye sana kwamba ukubwa wa mafaili haukuhusika hata kidogo. Zile flashi kubwa nilikuwa nimezifomati kwa mfumo wa NTFS, kwa kuwa niliwahi kutaka kubebea video ya zaidi ya gigabaiti 4, na FAT32 haipokei faili moja la ukubwa huo. Memori kadi ya zamani ilikuwa bado FAT32. Redio nyingi za gari husoma FAT32 tu. Ukizipa NTFS haziulizi faili ni la aina gani, zinasema hakuna kitu. Ningebadilisha fomati ya flashi, kazi ya dakika moja, zile MP3 za kilobiti 128 zingeimba vilevile. Mimi nilitibu sauti ya bibi kwa ugonjwa uliokuwa wa flashi.

Na sikuishia hapo. Nilitaka wote wawe na nakala moja inayocheza kila mahali, isiwe huyu ana hii na yule ana ile. Nikafuta flashi ya dada na kumwekea zile ndogo. Nikajiona mtu wa mpangilio.

Ili ujue nilichokitupa, lazima ujue MP3 inafanya nini. Ilitengenezwa hasa na watafiti wa Taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, na aliye maarufu zaidi kati yao ni Karlheinz Brandenburg. Kiwango chake kilichapishwa mwaka 1993, na jina la .mp3 likachaguliwa mwaka 1995. Werevu wao ulikuwa kulichunguza sikio la binadamu: sauti kubwa huifunika ndogo iliyo karibu nayo, na sauti nyembamba sana wengi wetu hatuzisikii vizuri. Basi programu hupima kila kipande kidogo cha sauti, ikaamua sikio litakosa nini, ikakitupa hicho. Ukiipa kilobiti za kutosha, inatupa yale ambayo kweli hutayakosa. Ukiibana, inaanza kutupa yale unayoyahitaji, kwa kuwa umeiambia haina nafasi.

Brandenburg mwenyewe amesimulia kwamba wimbo uliomsumbua katika majaribio ni "Tom's Diner" wa Suzanne Vega, ambao ni sauti ya mwanamke peke yake bila ala. Ngoma na gitaa huficha makosa mengi, lakini sauti tupu haina pa kujificha. Kanda za bibi zote zilikuwa hivyo: mwanamke mmoja na mchakacho wa utepe. Nilichukua aina ya sauti iliyowatesa mabingwa wa Erlangen nikaibana kwa kilobiti 32, nikaisikiliza kwa spika ya kompyuta, nikaridhika.

Kisha diski ikajaa. Kompyuta ikawa inanionya kila asubuhi. Folda kubwa kuliko zote lilikuwa la WAV za bibi. MP3 zipo, nikasema, zinacheza kwenye sabufa, kwenye gari na kwenye simu; haya makubwa ya nini? Nikayafuta bila kuyapitisha kwenye pipa la taka la kompyuta. Muda si mrefu tukahama nyumba, na mwenye kuhama hutafuta cha kupunguza. Boksi la kaseti lilikuwa limeota vumbi, redio ya kuzichezea hatukuwa nayo tena, na kazi ya kuzirekodi nilikwisha kuifanya. Nilimpa mzoa taka pamoja na nguo kuukuu. Hakuna aliyenishauri hivyo, na mjomba sikumuuliza.

Miaka ikapita, kila mtu akifurahi na kumbukumbu yake. Halafu dada akamsimulia mtu habari za kanda za Kipemba, na habari zikamfikia mhadhiri mmoja wa Kiswahili anayechunguza matamshi ya wazee wa visiwani. Akanipigia kwa adabu zote. Aliomba rekodi za asili.

"Si MP3, kaka. Kama unazo WAV, naomba hizo."

Hapo ningesema kweli, mambo yangeisha. Nikamjibu, "Zipo, mwalimu." Usiku ule nikafungua MP3 moja baada ya nyingine na kuzihifadhi upya kama WAV za stereo, sampuli 44,100. Faili la megabaiti 22 likavimba likawa la megabaiti 950, sawa kabisa na lile nililolifuta. Nakiri kwamba kwa muda niliamini nimelirudisha. Ukubwa ulirudi, lakini sauti ilikuwa ile ile ya MP3. Ni sawa na kumimina maji kwenye chicha ukidhani utapata tui la kwanza. Nikampelekea.

Mwalimu hakuchukua muda. Tulikutana, akafungua kompyuta na kunionyesha picha ya sauti, ile inayochora mitetemo yote kutoka chini hadi juu. Juu ya mitetemo 11,000 kwa sekunde palikuwa peusi tupu, kanda nzima, mwanzo mpaka mwisho. Sampuli 22,050 haziwezi kubeba mitetemo inayozidi nusu yake, na hakuna programu inayoweza kuikumbuka baada ya hapo. Hata chini ya mstari ule palikuwa na mashimo, vipande vinavyotokea na kupotea, mahali ambapo MP3 iliamua sikio halitajali.

"Kaka, hizi zimetoka kwenye MP3, sivyo?"

Nikadanganya tena. Nikasema kanda zenyewe zilikuwa za zamani, zimechoka.

"Kanda ikichoka, mchakacho wake huwa unapanda mpaka huku juu," akasema, akigusa sehemu nyeusi kwa kidole. "Hapa hata mchakacho haupo."

Sikuwa na la kujibu. Akanieleza alichokuwa akikitafuta. Wazee wa pwani wanapomtaja paa, yule mnyama, huitamka "p" kwa kupumua; paa la nyumba hulitamka bila pumzi. Vivyo hivyo tembo wa mwituni na tembo la mnazi. Wengi wetu wa leo tumeziacha tofauti hizo, lakini bibi alikuwa nazo. Pumzi yenyewe ni mlio mdogo sana, wa muda mfupi mno, na mlio wa namna hiyo ndio MP3 iliyobanwa huumwaga na kuusambaza hata kabla ya herufi yenyewe. Akanipigia sehemu ya ngano ambapo bibi anamtaja paa mara kadhaa. Kwa hedifoni za mwalimu nilisikia herufi yenye ukungu. Maana unaipata, kwa kuwa ngano ni ya paa na huwezi kukosea. Matamshi ndiyo huwezi kuyapima. Na "s" za bibi, zile ambazo fundi alizitafuta kwa bisibisi mpaka zikawa kali, zilikuwa karibu na "f", kama za mtu anayeongea kwenye simu.

Nilimwambia ukweli wote palepale: WAV nimezifuta, kaseti nimezitupa, na hizi nimezivimbisha mwenyewe ili nisiaibike. Hakunigombeza. Aliziondoa kwenye orodha yake mbele yangu, akasema kazi yake haiwezi kutegemea rekodi ambayo mwenye nayo ameificha asili yake. Alikuwa na haki. Rekodi mbovu iliyoelezwa ukweli wake ingemfaa kwa hadithi na msamiati. Iliyopambwa ingemharibia utafiti.

Nyumbani nikaandika kwenye kundi la familia. Dada akasema yeye anamsikia bibi vizuri tu, kwani kuna nini? Mdogo wangu akacheka kuhusu flashi, kisha akanyamaza. Mjomba akauliza jambo moja: kaseti zenyewe ziko wapi? Kumwandikia mzee wa watu kwamba nimezitupa kulikuwa kugumu kuliko aibu ya mbele ya mwalimu.

Mficha uchi hazai. Ungamo lile ndilo lililomfanya binamu wa Muscat apekue simu yake ya zamani. Hafuti kitu, na ile FLAC ya majaribio alikuwa nayo bado. Ni kanda moja: salamu upande mmoja, na upande wa pili ngano iliyokatika kabla haijaisha. Nikaifungua pamoja na MP3 ya kanda ile ile, nikazisikiliza kwa hedifoni nikipokezanya sentensi kwa sentensi. Katika MP3 bibi yuko. Katika FLAC kuna baraza pia, kuna umbali wa kuku, kuna ulimi ukigusa meno. Mwalimu ameipokea hiyo moja, na safari hii pamoja na maelezo yake yote. Nyingine zilizobaki ni za kilobiti 32, na hivyo ndivyo zitakavyokuwa daima.

Simlaumu MP3. Kwa sabufa ya dada ilikuwa chaguo sahihi, na hata leo ndiyo fomati inayofunguka kwenye vifaa vingi kuliko nyingine. Kosa ni kuifanya nakala ya kusikilizia kuwa ndiyo asili. Kwa hiyo nawaambia ndugu zangu wenye maboksi yao yale ninayoyafanya sasa.

Rekodi kwanza kwa WAV au FLAC. IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, katika mwongozo wake wa TC-04 kinataka angalau sampuli 48,000 na biti 24 kwa kanda za zamani, na hakitaki kabisa fomati inayotupa sauti kwa ajili ya kuhifadhi. Faili hilo la kwanza liweke mahali pawili tofauti na usiliguse. Kisha toa nakala kwa kila anayetaka: MP3 ya kilobiti 128 kwa sabufa na gari, FLAC kwa simu inayoikubali. Kila nakala itoke kwenye faili la kwanza, isitoke kwenye nakala nyingine, kwa kuwa kila ugeuzaji wa MP3 hutupa tena juu ya kilichokwisha kutupwa. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp huja kwa fomati ya Opus, ambayo ni nzuri sana kwa sauti za watu hata kwa kilobiti chache, lakini sabufa nyingi haziijui. Ukitaka ichezwe huko igeuze kwa programu. FFmpeg ni ya bure na inaifanya kazi hiyo. Kufuta .opus na kuandika .mp3 mwishoni mwa jina hakugeuzi kitu.

Na kifaa kikikataa, usikimbilie kupunguza sauti. Angalia flashi kwanza kama ni FAT32. Jaribu faili ambalo unajua linacheza. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Mimi nilibadilisha ukubwa wa faili na chombo cha kulibebea kwa mpigo, nikaipa sifa sababu isiyohusika.

Kuhusu nafasi, ambayo ndiyo niliyoisingizia, hesabu ni nyepesi. Kanda ya dakika 90 katika vipimo vya CD, ikiwa FLAC, ni nusu ya gigabaiti au karibu. Flashi moja ya gigabaiti 64 inabeba zaidi ya kanda mia moja. Boksi zima la bibi lingeenea humo na nafasi ikabaki. Wewe mwenye kanda zako, usifute faili la kwanza na usitupe kaseti, hata kama redio ya kuichezea huna. Kaseti ikiwapo, atakayekuja na mashine bora kuliko yako ataweza kuanza upya. Mimi nimewanyima wanangu nafasi hiyo, na sina wa kumlaumu.